Pwani Haikosi Mwenyewe

Popote unaponisikia, iwe jikoni Mombasa, kwenye daladala Dar es Salaam, dukani Bujumbura, au huko huko Maskati ambako Kiswahili bado kinazungumzwa sebuleni, sogeza kiti tuongee.

Leo safari yetu ni ya gari, na njia yetu ni pwani ya mawe. Tunaanzia Maskati, mji mkuu wa Oman. Tunashika njia ya kusini-mashariki, bahari mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, mpaka Ras al-Jinz, kwenye pembe ya mashariki kabisa ya Bara Arabu. Ni kilomita 250 hivi. Mwenye haraka anazimaliza asubuhi moja. Sisi leo haraka hatuna. Tutasimama, tutashuka, tutapanda, tutaogelea kidogo, na jua likizama tutapiga hema tulale hapo hapo.

Kabla hatujawasha gari, nataka niseme jambo moja, na nitalirudia mara kadhaa mpaka unichoke. Nchini Oman, kwenye fukwe nyingi zilizo wazi, mtu anaweza kupiga kambi bila kulipa hata baisa moja. Hakuna geti, hakuna tikiti, hakuna mlinzi wa kukuuliza umetokea wapi. Sasa wengi wetu tukisikia "bure" tunaelewa kwamba hapana mwenyewe. Hapo ndipo safari inapoharibika. Pwani haikosi mwenyewe. Ina mvuvi wake, ina kijiji chake, ina kasa wake. Bahari nayo ina saa zake za kupanda, na bonde lina siku zake za kudai njia. Ukipiga hema pale wewe ni mgeni, hata kama mwenyeji humwoni. Shika hilo, halafu twende.

Tuanze na gari lenyewe. Oman magari yanakwenda upande wa kulia. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo hili haliwapi shida. Lakini sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezoea kushoto, na mazoea yana tabu. Barabara kuu iliyonyooka haikutii mashakani. Mashaka yako kwenye kipilefti, kwa sababu magari yanakujia kutoka upande usiouangalia, na kwenye kutoka kituo cha mafuta asubuhi, barabara tupu, usingizi bado haujakwisha. Mweke mwenzako kiti cha mbele akukumbushe: kulia, kulia. Na ngamia na mbuzi wana desturi ya kuvuka barabara bila kuuliza, kwa hiyo usiku punguza mwendo.

Gari gani? Kwa njia hii gari dogo la kawaida linatosha karibu kote, maana barabara ya Quriyat hadi Sur ni ya lami, pana, njia mbili kila upande. Kazi iko kwenye vijia vya kokoto vinavyoshuka ufukweni. Hapo, kama gari lako limekaa chini, liache juu ushuke kwa miguu. Na tairi la spea, tafadhali, likaguliwe kabla hujaondoka mjini.

Mzigo gani? Maji kwanza. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, angalau lita tano kwa kila mtu kwa siku, kwa sababu mwamba hauna kisima. Halafu deli la barafu, mkaa na kiberiti, tochi, shuka zito, viatu vya kufunga kamba, mifuko ya taka, na kamba. Kamba ndefu, ya kutosha. Nitakwambia baadaye ni ya nini.

Na wakati gani? Kuanzia Oktoba hadi Machi. Majira ya joto kipimo kinapita nyuzi 40, na ndani ya hema hakukaliki. Tumeelewana? Maji, kamba, na majira ya baridi. Sasa tuondoke.

Ukitoka Maskati, kitu cha kwanza kukushangaza ni rangi ya milima. Ni ya kahawia iliyokoza, karibu na weusi, haina msitu wala majani. Mgeni anaweza kusema hapa hapana kitu. Lakini wanajiolojia wanasafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuyagusa mawe haya haya. Kwa nini? Kwa sababu asili yake ni sakafu ya bahari, tena na mwamba wa chini ya hiyo sakafu. Makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, mabamba ya ardhi yaliposukumana, kipande kikubwa cha sakafu hiyo kilipanda juu ya nchi kavu badala ya kuzama chini yake, kama ilivyo kawaida. Ni sehemu chache duniani mtu anaweza kuegesha gari kando ya barabara, akashuka, na kuweka mkono juu ya jiwe lililotoka chini kiasi hicho.

Ukipita Quriyat mambo yanabadilika. Weusi unaondoka, yanakuja mawe meupe na ya manjano, mawe ya chokaa. Haya mtu wa Unguja au Lamu hatayaona mageni, maana miamba ya pwani yetu nayo imetokana na matumbawe na viumbe wa baharini. Hapa pana jambo moja la kuangalia kwa makini, na ni la usalama. Mawimbi hayaupigi mwamba juu. Yanaupiga kiunoni, pale maji yanapofika kila siku, na yanaula kidogo kidogo. Matokeo yake, juu unaona ukingo mzuri wa kukalia na kupiga picha, kumbe chini hauna kitu, unaning'inia. Kwa hiyo usikae kwenye ncha ya ukingo, na usipige hema chini yake ukadhani umepata kivuli.

Ukiinua macho kutoka baharini kuelekea mlimani, hasa kati ya Fins na Sur, utaona nchi imepanda kwa ngazi: bapa, ukuta mfupi, bapa jingine, ukuta mwingine. Kila bapa lilikuwa ufukwe wakati wake. Ardhi imekuwa ikiinuka polepole, bahari nayo ikipanda na kushuka katika zama mbalimbali, na kila ilipokaa muda mrefu ilikata ngazi yake. Kwa hiyo ukipanda kidogo kutoka kambini na kukuta makombe ya kale yameganda kwenye jiwe, juu kabisa, usijiulize nani kayaleta. Bahari ilikuwa hapo.

Kabla ya kufika Fins tunasimama Bimmah, kwenye shimo ambalo wenyeji wanaliita Hawiyat Najm. Hadithi ya wenyeji ni kwamba nyota ilianguka hapo ikatoboa ardhi. Wataalamu wana maelezo mengine: maji yalikuwa yakiyeyusha chokaa chini kwa chini mpaka kukawa na pango, halafu siku moja dari likaporomoka. Leo ni shimo la mviringo lenye upana wa mita 50 hadi 70 hivi, limezungushiwa bustani, na ngazi ya zege inakushusha hadi majini. Maji ni ya buluu inayoingia kijani, na yana chumvi kiasi, kwa sababu maji matamu ya mlimani yanakutana na ya bahari iliyo karibu. Ukitumbukiza miguu, visamaki vidogo vinakuja kukudonoa nyayo. Watoto wanapiga kelele hapo, na watu wazima pia, ila wao wanajidai hawakushtuka.

Hapo pia nigusie mavazi. Bimmah na mabondeni ni mahali pa familia. Fulana na kaptura inayofika magotini kwa mwanamume, vazi la heshima kwa mwanamke, yanatosha, na hakuna atakayekukodolea macho. Wewe ni mgeni, au siyo? Tulishakubaliana.

Jua limeanza kushuka. Tutafute pa kulala.

Maeneo ya Fins yana vighuba vidogo vidogo, vyenye mchanga mweupe na kokoto katikati na mwamba pande zote mbili. Vinapendwa sana, hasa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu mapumziko ya juma kule ni Ijumaa na Jumamosi. Utakuta familia zimetandika mikeka, birika liko motoni, mishikaki inapakwa ukwaju. Ukifika, usiende kupiga hema ubavuni mwa familia ya watu kwa sababu tu pana nafasi. Acha masafa. Wasalimie kwa mbali, wasiposogea usisogee. Mara nyingi atakuja mtoto na sahani ya tende. Basi hapo mambo yameshakuwa mazuri.

Sasa, hema linakitwa wapi? Angalia chini. Utaona mstari wa mwani uliokauka, vijiti, pengine chupa iliyoletwa na maji. Huo ndio mwisho wa maji kujaa. Lakini ni mwisho wa juzi, au wa wiki iliyopita? Mtu wa pwani anajua: maji ya bamvua hayalingani na maji mafu. Kama mwezi unaelekea kuandama au kuwa mpevu, maji yatakuja juu zaidi. Kwa hiyo panda hatua kadhaa juu ya mstari wa juu kabisa unaouona, ndipo utue mzigo.

Halafu ile kamba. Kwenye mwamba kigingi hakiingii. Utakigonga kwa jiwe, kitapinda, utagonga kingine, kitapinda, mpaka uvimalize vyote na upepo unakucheka. Fanya hivi. Tafuta jiwe refu kiasi, la ukubwa wa mkate wa boflo. Zungushia kamba ya hema katikati yake, funga. Lilaze jiwe hilo chini, likae kukingama na mvuto wa kamba. Sasa chukua jiwe zito zaidi, liweke mbele yake, juu ya kamba, upande wa hema. Jiwe dogo likivutwa linajibana dhidi ya jiwe kubwa, na kadiri upepo unavyovuta ndivyo linavyozidi kujikaza. Fanya hivyo pembe zote nne. Na usiku, usishangae upepo ukigeuka: mchana unatoka baharini, usiku unateremka kutoka mlimani. Kwa hiyo pembe za upande wa mlima nazo zifungwe vizuri, si zile za bahari tu.

Kuni je? Kule kuna migunga michache imejikalia kwenye mawe, imepata tabu miaka mingi kufikia urefu wa mtu. Usiikate. Mkaa unauzwa mjini, umeshaununua. Na kuhusu choo, nisamehe kama uko mezani: nenda mbali na maji, mbali na kambi, chimba, fukia. Karatasi usiiache, upepo utampelekea jirani.

Alfajiri ndipo mwenyeji wa kweli anapojitokeza. Wavuvi wanarudi na boti, wanataka kupandisha nchi kavu, wanataka njia ya gari lao la kubebea samaki. Nimeona mtu ameegesha gari lake katikati ya njia hiyo, yeye yumo hemani anakoroma. Wale wavuvi hawakugombana. Walisimama, wakasubiri, mmoja akapiga makofi polepole nje ya hema mpaka jamaa akatoka na shuka yake. Gari likasogezwa, na mwenye shuka akaondoka na kipande cha nguru alichopewa bure. Sasa hebu niambie, katika kadhia hiyo nani mwenyewe na nani mgeni? Pwani haikosi mwenyewe. Anaweza kuwa mpole, lakini yupo.

Tunaendelea. Mbele kidogo ni Wadi Shab. Unaegesha gari chini ya daraja refu la barabara kuu, unavushwa maji kwa mashua ndogo kwa rial moja kwenda na kurudi, kisha unatembea. Mwendo ni wa dakika 45 hivi, kati ya kuta za mawe, mitende na migomba, na mfereji wa falaj ukipita kando ya njia. Baadaye njia inaisha na kinachobaki ni maji: unaogelea kutoka bwawa hadi bwawa, mpaka kwenye ufa mwembamba unaotosha kichwa tu kupita. Ukipenya, uko ndani ya pango lenye maporomoko. Kama hujui kuogelea, usione haya. Vaa jaketi la kuelea, au ishia bwawa la kwanza, bado umepata sehemu yako.

Na hapa, msikilizaji, naomba usikilize kuliko kote. Bonde ni zuri, lina kivuli, lina mchanga laini, na mtu aliyechoshwa na mawe atasema: kwa nini tusilale hapa? Usilale bondeni. Narudia: usilale bondeni. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali, huku juu yako nyota zote zinaonekana. Maji yanakusanyika kwenye mwamba mtupu usionyonya hata tone, yanateremka kwa nguvu moja, na yanafika bila taarifa. Sisi tuna mito yetu ya namna hiyo. Mtu wa Dar es Salaam aliyeiona Jangwani siku ya mafuriko hahitaji kuelezwa sana. Na Juni 2007, kimbunga Gonu kilipoipiga pwani hii, maji yalivunja barabara na kuingia majumbani, Quriyat ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Kwa hiyo ukiona bonde linatiririka maji ya matope, usijaribu kulivuka na gari, hata kama gari ni kubwa. Simama, geuza, subiri.

Haya. Tupumue kidogo kwa hadithi.

Kati ya Tiwi na Sur kuna magofu ya Qalhat, mji ambao Shirika la UNESCO liliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ulikuwa bandari kubwa chini ya watawala wa Hormuz, ukiuza farasi na tende na kupokea bidhaa za India, mpaka Wareno walipoushambulia mwanzoni mwa karne ya 16. Leo kilichosimama ni kaburi la Bibi Maryam juu ya mteremko, kuba lake limeporomoka, na mawe ya mji yametapakaa pande zote. Ulizia kwanza kama pamefunguliwa kwa wageni, na usiruke uzio.

Sasa, nani alipita hapa? Ibn Battuta. Huyu tunamjua, maana mwaka 1331 alifika kwetu Mombasa na Kilwa. Baada ya kutoka pwani yetu akaenda Arabuni, na chombo chake kikatia nanga Sur. Kutoka Sur akauona mji wa Qalhat, akauona u karibu. Akasema, mimi nitatembea, nilale Qalhat leo leo. Msafiri gani hajawahi kudanganywa na macho kwenye pwani ya mawe? Ni zaidi ya kilomita 20, na njiani yamejaa makorongo.

Akachukua kiongozi, baharia mmoja. Kumbe kiongozi ana nia yake: anataka kumpora nguo. Akampeleka kwenye mkono wa bahari, avuke pabaya. Ibn Battuta akashtuka, akashika mkuki wake, akawa macho. Kiu ikawakamata. Usiku ukawakuta hawajafika, wakalala nje, na yeye hakufumba jicho kwa kumlinda yule kiongozi. Asubuhi akaingia Qalhat miguu imevimba ndani ya viatu, damu karibu kutoka kwenye kucha. Amiri wa mji akampokea, akamkalisha siku sita, kwa sababu hakuweza hata kusimama.

Na anakumbuka nini kuhusu mji huo? Anasifu msikiti uliojengwa na Bibi Maryam, na anasifu samaki. Anasema hakula samaki mwingine wa namna ile popote, wamechomwa kwa majani ya mti, wamewekwa juu ya wali, na mchele wenyewe umetoka India. Mtu amevimba miguu, ameponea chupuchupu, lakini samaki na wali hakuvisahau. Mimi namwelewa kabisa.

Tazama basi, msikilizaji. Kambi ya kwanza ninayoijua ya msafiri kwenye njia hii iliharibika kwa mambo yale yale: kutopima umbali, kutobeba maji, kumwamini asiyemjua. Na ilitengenezwa na jambo lile lile: mwenyeji aliyemfungulia mlango. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Qalhat aliyepona alikuwa mgeni.

Tunaingia Sur wenyewe. Mji mweupe, hori la bahari limeingia ndani, na ng'ambo yake Al Ayjah na mnara wake wa taa. Hapa ndipo yalipoundwa majahazi kwa vizazi na vizazi, na karakana ya majahazi bado ipo, unasikia nyundo na unanusa mbao. Karibu yake limewekwa jahazi Fatah al-Khair, la aina ya ghanja, lililoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951, likauzwa mbali, na baadaye watu wa Sur wakalinunua tena kulirudisha kwao.

Simama chini ya tezi lake ufikirie kidogo. Vyombo vya Sur vilishuka na kaskazi vikija kwetu, vimebeba tende, chumvi na papa mkavu. Vikafika Lamu, Mombasa, Unguja. Vikangoja kusi, kisha vikarudi na boriti za mikoko. Kwenye majumba ya zamani ya pwani ile, boriti zilizoshika dari zilikatwa kwenye mikoko yetu. Na mabaharia waliposubiri pepo zigeuke, walilala wapi? Walilala kwetu, baadhi chomboni, baadhi bandarini, baadhi majumbani mwa watu, miezi kadhaa. Tumepeana ugeni watu hawa na sisi tangu zamani. Kisha kuna wale waliorudi Oman kutoka Unguja na bara baada ya mwaka 1964, na wengine wengi zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Ndiyo maana usishangae ukiuliza njia kwa Kiarabu chako cha kubahatisha, mzee akakujibu: "Unatoka wapi, mwanangu?"

Kituo cha mwisho, Ras al-Jinz. Hapa kasa wa kijani wanapanda ufukweni kutaga, na wanataga mwaka mzima, kwa wingi zaidi kuanzia Juni hadi Septemba. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1996. Kwenye ufukwe huu kupiga hema hakuruhusiwi, na huingii usiku bila kiongozi wa hifadhi. Unajiandikisha, unasubiri zamu yako, unapelekwa usiku au alfajiri.

Mbona hapa kuna sheria kali, na kule Fins tulijilalia? Kwa sababu ya taa. Kasa jike akipanda kutoka majini huwa na wasiwasi. Akiona mwanga na pilikapilika, anageuka, anarudi na mayai yake. Asipobughudhiwa atachimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, taratibu, anachota mchanga kwa pezi hili, anaurusha, anachota kwa pezi lile, na atataga mayai kama 100. Akishaanza kutaga, hata kiongozi wa hifadhi akikusogeza karibu, hababaiki tena. Anafukia, anarudi baharini akiburura kifua. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka, na wanaelekea penye mwanga, kwa sababu usiku wa asili upande wa bahari ndio wenye nuru. Taa ya gari lako, tochi yako, moto wako wa mishikaki, vyote vinaweza kuwapeleka nchi kavu, ambako mbweha na shakwe wanawangoja.

Kwa hiyo ukilala popote jirani na Ras al-Hadd na Ras al-Jinz, hata nje ya hifadhi, taa zizimwe, moto usiwe ufukweni. Na hili si la Oman peke yake. Kasa hao wa kijani wanataga kwetu pia: Mafia, kisiwa cha Misali kule Pemba, Watamu.

Basi, tukusanye tuliyoyasema. La kwanza: usilale bondeni, hata kama anga ni safi. La pili: hema likae juu ya mstari wa maji ya bamvua, lifungwe kwa mawe, na gari lisizibe njia ya mvuvi. La tatu: taa zizimwe penye kasa. La nne: ulichokuja nacho ondoka nacho, pamoja na ganda la chungwa. Na yote manne yanatoka kwenye lile moja: pwani haikosi mwenyewe.

Na hapa niseme na sisi wenyewe. Tunazo pwani za mawe kuanzia Watamu hadi Kizimkazi, hadi Mikindani. Vijana wetu wameanza kuzizunguka kwa magari na pikipiki, na hema mgongoni, na mimi nafurahi. Lakini kijana, ukifika kijijini, kabla hujashusha mzigo, mtafute mwenyekiti wa mtaa au sheha, mwambie jina lako na utalala siku ngapi. Nunua samaki kwa mvuvi wa hapo, si barafuni mjini. Kule Oman mtu analala bure kwa sababu wageni waliotangulia hawakumfanya mwenyeji ajute. Tukitaka fukwe zetu zibaki bila kamba na bila geti, sisi ndio wa kuzifanya zibaki hivyo. Au unaona njia nyingine?

Nina ombi kabla sijaaga. Mzee wangu au bibi yangu unayesikiliza, wa Sur au wa Unguja, wa Lamu au wa Maskati, kama uliwahi kusafiri kwa jahazi wakati wa kaskazi, au nyumbani kwenu palilala mabaharia wakingoja kusi, tuandikie, au mwambie mjukuu atutumie sauti yako. Tuambie mlilala wapi, mlipikiwa nini, na nani aliwafungulia mlango. Tutayasoma hapa hapa wiki ijayo, saa hii hii. Kwaheri, na ukiwa njiani, endesha polepole.